Kisima Kilichovishwa Mapipa

Ukisimama kwenye ukingo wa nchi ya Mbozi, pale njia ya kuteremka inapoanza kujipinda, unaliona bonde la Songwe limelala chini, bapa kama sinia, na ng'ambo yake vilima vya Saza. Siku nilipoliona kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtoto wa kike mgongoni na mzigo wa nguo kichwani, na nilikuwa nalia. Sikulia peke yangu. Ulikuwa wakati wa operesheni ya vijiji, na sisi wa Hasamba, kule juu Mbozi, tuliopangiwa bondeni tuliambiwa kwamba huko ardhi ni tele, shule itajengwa na zahanati itafuata. Kuhusu maji, ndugu aliyetuandikisha alisema mto uko karibu.

Mto haukuwa karibu. Tulitoka jua likichomoza tukarudi likiwa utosini, na maji tuliyoleta yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mamba walikuwamo. Watoto walianza kuharisha kabla hatujamaliza kuezeka nyumba, na jirani yangu alimzika wa kwake chini ya mgunga kwa sababu bado hatukuwa na mahali pa kuzikia. Basi mkutano wa kijiji ukaamua kisima kichimbwe, na kazi hiyo akapewa baba mkwe wangu.

Lazima nimweleze mzee huyu, maana bila yeye habari hii haieleweki. Alizaliwa milima ya Ileje, akaja Hasamba akiwa kijana, na huko alijulikana kwa mambo mawili: alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa fundi wa visima. Hakuruhusu mtu ashuke shimoni kabla ya kusomwa neno la siku, kama tulivyozoezwa na kanisa letu. Mimi ndiye niliyesoma, kwa kuwa nilipata miaka michache ya shule Mbozi Mission na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka. Lakini nilisoma nikiwa nimempa mgongo. Kwa desturi aliyotoka nayo Ileje, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye ana kwa ana, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwingine apite. Nilipokuwa na neno kwake nilimwambia mama mkwe, naye akalifikisha. Au nilimwambia mtoto wangu mgongoni, kwa sauti ya kumfikia babu, na babu akamjibu mjukuu. Mgeni angecheka. Sisi tuliishi hivyo kwa amani, na namshukuru Mungu kwa amani hiyo, ingawa siku moja ilitaka kunifanya mjane.

Ufundi wake pia ulikuwa na sheria. Kule Hasamba udongo ni mwekundu na mzito, ukikatwa unasimama wenyewe kama ugali wa ulezi uliopoa. Alichimba shimo jembamba, akalichonga vidato huku na huku vya kukanyagia, na hakuweka ubao wala tofali. Kisima kinachovishwa, alikuwa akisema, ni kisima kigonjwa. Maana yake fundi alichagua mahali pabaya, sasa anaficha aibu. Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba anayechimba chini hana amri. Amri iko mdomoni mwa shimo, kwa anayepokea ndoo na kuupima udongo kwa vidole, kwa sababu aliye gizani macho humdanganya. Chini alishuka mwanawe, mume wangu. Juu alikaa yeye.

Katika majuma hayohayo alikuja mtaalamu wa miamba. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, mwembamba, ametumwa na idara ya serikali kulipima bonde lote, na alipiga hema lake karibu na korongo linalokata uwanda nyuma ya kijiji. Watu walimwita Bwana Mawe. Kutwa aligonga kuta za korongo kwa nyundo ndogo na kufunga vipande katika mifuko ya kitambaa. Baba mkwe alimwangalia siku kadhaa kisha akamuuliza kama nyundo ile ni ya kutengenezea saa. Bwana Mawe akajibu kwamba ndiyo, mzee wangu, ila saa yenyewe ni kubwa kidogo. Wazee walipenda jibu hilo.

Kijiji kilinipangia kumpikia. Siku moja nilimpelekea chakula korongoni, akaacha kazi na kunionyesha ukuta. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikitafuta kuni na sikuwahi kuona nilichoona siku ile. Ukuta ulikuwa umepangwa kama nguo zilizokunjwa sandukuni. Juu udongo mwekundu, chini yake kokoto zilizoviringika, kisha udongo wa kijivu wenye mistari myembamba kama kurasa, kisha mchanga wa manjano, kisha kijivu tena.

Alisema hakuna hata kimoja hapo kilicho mwenyeji. Vyote vililetwa. Akanyoosha mkono kuelekea ukingo wa Mbozi, ule tulioteremkia tukilia, akasema zamani sana kule juu na huku chini palikuwa sawa, nchi ikapasuka, upande huu ukazama na ule ukabaki. Tangu hapo mvua zinaubeba mlima kidogo kidogo kuja kulijaza shimo.

Nikamuuliza kama shimo halijajaa.

"Linajaa na bado linazama, dada," akasema. "Yale matetemeko yanayogonganisha vyombo vyenu kabatini ndiyo hayo."

Nikamwambia basi na sisi ni kama huo udongo, maana tumeletwa kutoka hukohuko juu. Alicheka, halafu akakikata kicheko, kwa sababu aliona sikuwa nikifanya mzaha.

Kisha akaniambia jambo lililonikosesha usingizi wiki zile zote. Alisikia tunachimba kisima. Akaweka kidole kwenye mchanga wa manjano, akauvuta kidogo. Ukaanza kumiminika kama mtama unaotoka kwenye gunia lililotoboka, na haukukoma. Udongo wa kijivu uliokuwa juu yake ukabaki unaning'inia, ukapiga ufa, na bonge kubwa kama mbuzi likaanguka mbele ya miguu yetu. Alisema maji yetu yamo ndani ya mchanga huo, na tutayapata, asiwe na shaka mtu. Lakini udongo wa juu utasimama vizuri kama wa Hasamba na utamdanganya fundi wetu. Mchanga ukifikiwa ukiwa na maji utakimbia, na kilicho juu yake kitashuka. Kwa hiyo tukiuona mchanga tusimame. Tushushe mapipa yaliyokatwa juu na chini, moja juu ya jingine. Mtu akae ndani ya pipa achimbe, na pipa litazama lenyewe kadiri anavyochimba. Alinichorea kwa kijiti ardhini.

Mapipa aliyapata Tunduma. Huko kulikuwa na Mwislamu mmoja mwenye malori, mtu wa Tabora, na uani kwake yalilala mapipa matupu tangu siku za kupeleka mafuta Zambia. Aliyatoa bure, akamwambia fundi wake ayakate vifuniko kwa patasi, yakaletwa na lori mpaka kijijini. Baba mkwe aliyazunguka akiyagonga kwa fimbo. Akasema mgeni ni mtu mwema ila kisima anachochimba yeye hakijaugua. Wanawake wakayachukua, wakayasimamisha kwenye sakafu ya ofisi ya kijiji, wakayakandika kwa chini na kuyajaza mahindi ya njaa. Yakawa vihenge.

Nilimweleza mama mkwe yote niliyoonyeshwa korongoni ili ayafikishe. Aliyafikisha kwa namna yake. Alimwambia mzee kwamba mgeni anasema maji yamo kwenye mchanga. Habari ya bonge hakuisema. Mwanamke wa kwetu hamwambii fundi wa visima kwamba mwanawe atafukiwa, maana kusema ni kama kuita. Mume wangu nilimwambia mwenyewe, usiku na mchana. Alinisikia. Alisema akifika kwenye mchanga atatoka. Lakini nilijua, naye alijua, kwamba aliye chini hana amri.

Shimo lilipita udongo mwekundu, likapita kokoto, likaingia kwenye kijivu. Ndoo zilianza kuleta makombe ya konokono, meupe, madogo kama ukucha wa mtoto. Watoto waliyatoboa wakavaa shingoni. Kijiji kilifurahi. Mimi kila jioni nilikwenda kwenye lundo la udongo uliotolewa, nikaliangalia rangi.

Siku yenyewe nilisoma neno la siku kama kawaida. Watu wengi wameniuliza tangu hapo lilikuwa neno gani, wakitumaini lilitabiri. Silikumbuki. Nimeomba nikumbuke, sikujaliwa. Nakumbuka tu kwamba mume wangu aliitikia amina, akafunga kamba kiunoni, akashuka kwenye vidato akipiga mluzi. Bwana Mawe alikuwa amekwenda upande wa Saza tangu asubuhi. Mama mkwe alikuwa mtoni.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa nimekaa kivulini nikichambua mboga, karibu na shimo lakini nimelipa mgongo, kwa sababu ya mzee. Nikasikia ndoo ikimwagwa na sauti yake haikuwa ile ya udongo. Ilikuwa sauti ya nafaka. Nikageuka. Juu ya lundo la kijivu ulikuwa umemwagwa mchanga wa manjano, umelowa.

Mzee aliushika, akausugua, akautia ulimini. Uso wake ulikunjuka. Na hapa sina budi kumtetea, maana wengi walimhukumu baadaye. Kule Hasamba, udongo mwekundu ukigeuka mchanga wenye maji, ina maana umefika kwenye mwamba unaooza. Chini yake ni mwamba mzima, sakafu imara, na fundi husema sasa chimba upesi mpaka maji yafike magotini. Maisha yake yote mchanga ulikuwa habari njema. Aliinama akapaza sauti shimoni kwamba wamefika, aongeze kasi.

Kutoka chini mume wangu alisema kitu. Sikukisikia vizuri, nilisikia neno mchanga. Mzee akarudia kwamba achimbe.

Nikasimama. Mama mkwe hayupo. Nikampapasa mtoto mgongoni, nikasema kwa sauti kubwa huku nimeangalia pembeni, "Mwanangu, mwambie babu mchanga huu ni uleule wa korongoni. Baba atoke sasa."

Mzee hakugeuka. "Mjukuu wangu," akasema, "mwambie mama yako kisima hakipikwi."

Wanaume waliokuwa wakivuta kamba ya ndoo wakacheka. Ilikuwa imesemwa vizuri, hata mimi siku nyingine ningecheka. Nilikuwa nafungua kinywa nimwambie mtoto tena. Chini kukasikika kishindo kizito, kama gunia lililotupwa kutoka kwenye lori, na upepo ukatoka shimoni na kupeperusha vumbi usoni mwa mzee.

Kisha mume wangu akapiga ukelele mmoja.

Alikuwa hai. Alipopata pumzi alisema maji yameingia ghafla na mchanga umekuja nayo kutoka ubavuni, udongo wa juu ukakatika, na sasa amefukiwa hadi kifuani. Mikono iko nje. Miguu haisikii. Na mchanga, alisema, bado unaingia.

Wanaume walishika kamba wakavuta. Ndivyo tulivyojua kufanya, mtu akinasa anavutwa. Alilia kama sijawahi kumsikia mtu mzima akilia, akasema kiuno kinaachana, waache. Wakaacha. Kelele ziliita kijiji kizima. Watu walitoka mashambani na majembe, wakaja kusongamana mdomoni mwa shimo ili wamwone, kila mmoja akiwa na shauri lake. Mmoja alitaka lichimbwe shimo la pili ubavuni. Mwingine alitaka mtu mwembamba ashuke na jembe dogo. Wengine walianza wimbo wa kanisa. Nikaona, katikati ya miguu yao, ufa. Ulikuwa mwembamba kama uzi, umezunguka nusu ya mdomo wa shimo, na kila mtu mpya alipofika ulifunguka kidogo.

Bonge la korongoni lilianguka tena mbele ya macho yangu.

Sikumtafuta mama mkwe wala sikumwambia mtoto. Nilipita katikati ya watu, nikasimama mbele ya baba mkwe, nikamtazama machoni. Yalikuwa ya kahawia, moja lina ukungu. Miaka yote ile sikuwa nimejua.

"Baba," nikasema, "ondoa watu. Ardhi inapasuka chini yao."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha akatazama chini, akauona ufa. Akainua fimbo yake na kuwafukuza watu kama mbuzi, wazee wenzake na wote, mpaka wakasimama mbali. Akaamuru mlango wa nyumba yetu ung'olewe, akaulaza juu ya ufa, akajilaza juu yake kifudifudi ili uzito wake usambae, kichwa kikiwa shimoni. Wale waliokuwa wakiimba aliwaambia wanyamaze.

"Ombeni kimyakimya," alisema. "Nataka kuusikia mchanga."

Tukanyamaza. Na kweli ulisikika. Ulikuwa na sauti kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili.

Alisikiliza kidogo, kisha akageuza kichwa akanitafuta mimi. Mbele ya kijiji kizima akauliza, "Yule mgeni alisemaje? Yote. Usipunguze."

Nilimwambia yote. Nilichora ardhini kwa kijiti mchoro uleule, pipa, mtu ndani, pipa linazama. Mchoro ukawa mbaya, lakini alikuwa fundi, aliuelewa kabla sijamaliza. Alifumba macho. Nadhani hapo ndipo alipokiri moyoni mwake, mbele za Mungu, kile alichokuwa nacho cha kukiri. Alipofumbua alisema maneno mawili tu.

"Leteni mapipa."

Wanawake ndio waliokimbia. Mwenyekiti wa kijiji, kijana mwenye moyo mwema aliyeogopa wakubwa zake, alisimama mlangoni pa ofisi akisema, ndugu zangu, hayo ni mahindi ya kijiji, yana hesabu. Jirani yangu, yule aliyezika chini ya mgunga, akamuuliza aliye shimoni ni wa kijiji gani. Mwenyekiti akasogea. Waliyasukuma mapipa yakang'oka kwenye kandiko, mahindi yakamwagika sakafuni mpaka nje, kuku na mbuzi wakaingia, na hakuna aliyewafukuza. Mwenyekiti mwenyewe alibeba pipa la kwanza mgongoni.

Mchanga ulikuwa umefika kwapani.

Pipa lilifungwa kamba pande mbili. Mzee alimwambia mwanawe kwamba anamshushia pipa kichwani, ainue mikono, asiogope giza. Mume wangu akauliza pipa la nini. Hakuuliza kwa ukaidi, alikuwa amechoka na akili ilikuwa imeanza kutangatanga. Mzee akamwambia ni nguo.

Walilishusha taratibu. Liligusa ukuta, bonge likatoka, likaanguka. Tukasikia mlio wa bati chini, mkubwa kama kengele, halafu hatukusikia kitu. Nilimshika mtoto miguu yake mgongoni mwangu nikaifinya mpaka akalia. Mzee aliita mara moja. Hakuna jibu. Aliita tena, na sauti yake ilikuwa imekatika katikati.

"Bado niko," mume wangu akasema. Bonge lilikuwa limepiga ubavu wa pipa kwa nje.

Kuanzia hapo alijichimba mwenyewe. Tulimteremshia kata na kindoo kidogo, na ndani ya lile bomba la chuma, bila nafasi ya kukunja mkono vizuri, aliuchota mchanga uliombana tumbo na kuutia kwenye kindoo, kikavutwa, kikamwagwa, kikarudi. Mwanzoni mchanga ulijaza alipotoa. Kisha pipa likazama kidogo likikwaruza, na uliokuwa ukiingia ukapungua. Wakaongeza pipa la pili juu ya la kwanza ili uzito usukume. Kila kindoo kilipopanda mzee alitia mkono na kuupima mchanga, akamwambia mwanawe ulivyo: umelowa zaidi, una kokoto, una udongo kidogo. Alikuwa akimfundisha. Hakuwa amewahi kumfundisha kwa upole namna ile.

Mara mbili kamba ya kindoo ilisimama na tukadhani amezimia. Mara ya pili alisema tu kwamba anapumzika, kisha akauliza mimi niko wapi. Mzee akamjibu kwamba niko hapa karibu yake, mdomoni mwa shimo. Najua alikuwa anawaza jinsi hilo linavyowezekana.

Jua lilikuwa linagusa ukingo wa Mbozi aliposema mguu mmoja umetoka. Wa pili ulichukua muda, kwa sababu ulikuwa umejikunja chini ya bonge. Alipojifunga kamba makwapani walimvuta ndani ya mapipa kama mtu anayetolewa kwenye mkono wa koti, polepole, na mabati yakaupokea kila ukuta uliotaka kumwangukia. Alitoka wa manjano mwili mzima, kope na masikio. Mguu ule ulimsumbua maisha yake yote, alichechemea mpaka kifo chake cha uzeeni. Mimi huo uchechemeaji niliusikia mlangoni kila jioni na kila mara nilisema asante, Bwana.

Bwana Mawe alirudi jua likizama. Aliteremka kwenye Land Rover, akayaona mahindi, mlango wa nyumba, mapipa, na mume wangu amelala juu ya mkeka. Alikaa palepale chini. Nilingoja aseme alituonya. Alimwambia tu baba mkwe, "Mzee wangu, pole sana." Mzee akamjibu kwamba kesho ampeleke korongoni.

Walikwenda, nami nikafuata kwa mbali kubeba chakula. Mzee alipitisha kiganja kwenye ukuta mzima, mstari baada ya mstari, kama kipofu anayesoma uso. Alipofika kwenye kijivu alitoa kombe moja la konokono akasema haya ni mabaki ya Gharika. Bwana Mawe alisema yeye anadhani palikuwa na ziwa, kubwa kuliko Rukwa ya sasa, lililokuja na kuondoka mara nyingi. Nilishika pumzi nikidhani watabishana.

"Lakini maji yalikuwapo," mzee akasema.

"Yalikuwapo, mzee wangu. Hapo mimi na wewe hatuna ugomvi."

Mzee alifika kwenye mchanga wa manjano, akauvuta kwa kidole kama Bwana Mawe alivyouvuta mbele yangu. Ulipomiminika aliuacha umiminike juu ya mguu wake mpaka ukakoma.

Kisima alikimalizia yeye mwenyewe, mzee vile alivyokuwa, akiwa amekaa ndani ya pipa, na amri alimwachia mwanawe aliyekaa kwenye kigoda mdomoni, mguu umefungwa. Wazee wenzake walimtania kwamba kisima chake kimevaa suruali. Aliwaambia, ndiyo, na kinywa chake ni kisafi kuliko chenu.

Tangu siku ile hakusema nami tena ana kwa ana, wala sikumtazama. Tulirudi kwenye desturi yetu, na tulipokutana njiani aliingia majanini kama zamani. Sikuona ubaya. Ila asubuhi ya kwanza baada ya maji ya kisima kutulia, nilisikia mtu akikohoa nje ya mlango wetu, mlango uleule uliokuwa umerudishwa ukiwa na tope. Nilingoja nyayo ziondoke, kama ipasavyo. Nilipofungua nilikuta ndoo ya maji, imejaa, safi mpaka nikaona kitako chake. Kwetu mwanamume hachoti maji, seuze mzee wa kanisa, seuze kumchotea mke wa mwanawe. Kule kwenye kona ya ua aliyesimama amenipa mgongo alikuwa yeye, akingoja kusikia nimeichukua.

Nikamwambia mtoto kwa sauti, "Mwambie babu asante."

Nikanywa. Yalikuwa baridi, na yalinuka dizeli. Yaliendelea kunuka hivyo mpaka mvua zilipokuja, chai ikanuka, uji ukanuka, na sikumsikia mtu yeyote kijijini akilalamika.